Harusi ya Wanawake Dirishani mwa Duka

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hakuniumba mwepesi wa hasira. Wasichana niliowasomesha Kurani hapa Voi wanajua. Mtoto aliweza kukosea aya moja mara saba, na mara ya nane nikamwambia, "Rudia, mwanangu." Basi nikisema kwamba jambo nitakalolieleza hapa bado linanichoma, ingawa miaka imepita, msomaji asidhani ni kizee anayechukia vitu vipya. Sivichukii. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza mtaani kwetu kununua jiko la gesi, na wale waliosema nitaripuka nalo ndio waliokuja kuchemshia chai kwangu mvua iliponyesha na kuni zikalowa.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni.

Sisi ni watu ambao wazee wetu walitoka pwani wakaifuata reli mpaka Voi wakabaki. Harusi zetu tulikuja nazo. Ndani ya harusi ipo siku moja inayoitwa kupamba, na siku hiyo ni ya wanawake peke yao. Bibi harusi huketishwa juu ya jukwaa, amefukizwa udi, ana asmini nyweleni na michoro ya piko mikononi, na wanawake wanaokuja kumtazama huvua mabuibui yao mlangoni. Ndani kila mmoja huwa na nguo yake aliyoifikiria miezi miwili, kichwa wazi, shingo wazi. Wanacheza. Mwanamume hapiti hata uani. Mpiga picha za video naye alikuwa mwanamke, tukimwita kutoka Mombasa, na kazi yake ilipokwisha alitukabidhi kanda moja tu.

Kanda hiyo haikukaa kwa bibi harusi. Wageni hawalielewi jambo hili, lakini sababu ni rahisi. Msichana anakwenda kuishi nyumba ya watu, kuna mashemeji, kuna binamu, na kanda ikiachwa juu ya kabati, siku moja kijana ataitia kwenye deki kuona ni nini. Kwa hiyo kanda zililetwa kwangu. Nilikuwa nazo kumi na tisa ndani ya sanduku la bati. Mwanamke aliyetaka kuiona yake alikuja baada ya sala ya alasiri, akaja na wenzake, tukafunga madirisha, tukatazama. Tulikula kaimati na kuwacheka waliokuwa wembamba wakati ule. Hata bwana harusi mwenyewe haoni kanda ya kupamba, kwa maana humo hayumo mkewe tu, wamo na wake za watu wengine.

Miaka kumi na moja nilizitunza, na hakuna iliyowahi kutoka nje ya nyumba yangu.

Lakini Voi ni Voi. Vumbi jekundu linapita chini ya mlango, linapita kwenye tundu la kufuli, na joto la mchana linaipinda plastiki. Kanda zikaanza kuota ukungu mweupe pembeni. Siku moja alikuja mama mmoja kutazama harusi ya binti yake, ambaye alikuwa amefariki kwa uzazi mwaka uliotangulia. Hata dakika tano hazikupita, deki ikaanza kuunguruma, picha ikajikunja, na tulipoifungua, utepe ulikuwa umeliwa na kusokotwa kama uzi wa sufu. Mama yule aliuvuta taratibu, akaukusanya mapajani, akaendelea kuuvuta. Tangu siku ile sikupata raha, maana nilizobaki nazo zilikuwa kumi na nane, na zote nilikuwa nimeahidi kuzilinda.

Ndipo nikaenda kwa mwenye duka.

Alikuwa na duka la redio, saa na betri karibu na stendi ya mabasi. Mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye salamu ndefu, na mama yake nilimjua vizuri, Mungu amrehemu. Alikuwa ameweka televisheni kubwa dirishani ikitazama stendi, na juu yake mashine nyeusi bapa ambayo sikuwahi kuiona.

"Bi Mwalimu, kanda imekufa," aliniambia. "Dunia sasa ni diski."

"Imekufaje na jana nimeitazama?"

Akacheka. Akachukua diski mbili, moja mkono huu, nyingine mkono huu, zinang'aa kama samaki. "Hii ni VCD. Harusi moja itaingia kwenye diski mbili. Na hii ni DVD, imetoka juzi juzi tu, inabeba filamu nzima, na picha yake utafikiri umesimama mle ndani nao."

"Mimi naona sahani mbili sawasawa. Tofauti yao iko wapi?"

"Tofauti iko ndani."

"Ndani wapi? Kitu hiki hakina ndani."

Alicheka tena, lakini hakunijibu, na nadhani ni kwa sababu hakujua. Sikumlaumu. Nilirudi nyumbani nikafikiri, nikaenda tena wiki ya pili, nikaenda na ya tatu. Mimi ni mtu wa kuuliza. Mashine ya DVD itasoma VCD? Akasema itasoma. Ya VCD itasoma DVD? Haitasoma. Basi nikinunua ya bei nafuu leo, kesho nitaambiwa nayo imekufa?

"Hii ndiyo ya mwisho, Bi Mwalimu. Baada ya diski hakuna tena."

Leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani kucheka. Wakati ule niliyaamini.

"Na picha itakuwa safi kuliko ya kanda?"

"Mara mbili."

Sasa nilifika kwenye masharti yangu, na haya nimeyarudia moyoni mara nyingi. Nilimwambia kwamba hizi ni kanda za kupamba, naye alijua maana yake, ana dada na ana mke. Nikamwuliza nani ataitazama wakati inahamishwa. Akasema, "Mashine haina macho, Bi Mwalimu. Kanda inaingia huku, diski inatoka huku." Nikamwuliza nani ataishika Mombasa, kwa sababu kazi yenyewe ilifanyika huko, kwenye kompyuta. Akasema mtoto wa dada yake, msichana mwenye heshima. Nikamwambia asiifungulie sauti dukani. Akasema Mungu apishe mbali.

Yote niliyouliza yalihusu macho. Sikuuliza zitatoka ngapi. Sisi tulizoea kulinda mlango: nani yuko ndani, nani yuko nje. Na neno alilolitumia lilikuwa kuhamisha. Mimi nikihamisha unga kutoka pipa moja kwenda jingine, pipa la kwanza linabaki tupu. Ndivyo nilivyoelewa, na katika wanawake wote niliowaeleza hakuna aliyeelewa vingine.

Tukakubaliana tujaribu na kanda moja. Nikachagua ya binti wa kaka yangu, kwa sababu ilikuwa mpya kuliko zote na haikuwa na ukungu. Alikuwa ameolewa Taveta, upande wa njia ya Salaita, na mumewe alikuwa na duka la vyakula huko. Sikumpelekea habari. Nilijiambia kwamba kanda iko kwenye amana yangu na ninafanya hivi kwa kuitunza.

Diski mbili zilikuja baada ya siku kumi, na kanda yenyewe ikarudi salama. Nikanunua mashine ya VCD. Wanawake wakaja, tukafunga madirisha. Kusema kweli picha haikuwa safi mara mbili. Haikuwa safi hata mara moja na nusu. Ilikuwa ile ile ya kanda, na watu walipocheza haraka iligawanyika vipande vya mraba.

"Yaa! Mbona mikono yangu imekuwa matofali?" akasema mmoja.

"Si mikono tu," mwenzake akamjibu. "Tazama kiuno. Hapo unajenga nyumba nzima."

Tulicheka sana siku ile. Mimi nilikasirika kidogo kwa ile "mara mbili" ya mwenye duka, maana hata mtoto anajua kwamba ukinakili kutoka daftari lenye makosa, utanakili na makosa. Lakini utepe haukuwapo tena wa kuliwa, na nikamshukuru Mungu. Nikaanza kupanga zipi zitafuata.

Wiki tatu baadaye alikuja rafiki yangu wa Mwanda. Huyu ni Mdawida, yaani Mtaita, Mkristo, aliyeshuka na kabeji na viazi siku za soko, na alikuwa na desturi ya kupumzika barazani kwangu kabla ya kupanda kurudi milimani. Katika harusi ile ya binti wa kaka yangu alikuwa mgeni wangu mwenyewe, ameketi kando yangu, na alipoombwa kucheza alicheza kuliko wenyeji. Siku hiyo hakuketi. Alisimama mlangoni na gunia lake tupu begani.

"Mwalimu, nataka kukuuliza kitu. Ile harusi ya mtoto ya ndugu yako, ile siku, ilikuwa ya wanaume pia?"

"La, hata kidogo. Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nimejiona mimi mwenyewe kwa dirisha ya duka. Nacheza. Makanga wa basi ananiambia, mama, kumbe kabeji ndio zinakupa hiyo kiuno! Wanaume wote wakacheka."

Nikaanza kulitafuta buibui langu.

"Mimi sina buibui ya kuvua," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi watanicheka na itaisha. Lakini wewe uko pale, Mwalimu. Kichwa wazi. Nimeona nywele yako. Ni nyeupe yote."

Miaka arobaini na zaidi hakuna mwanamume asiye wa nyumbani kwangu aliyejua nywele zangu zina rangi gani. Nikavaa buibui nikaenda stendi, sikungoja hata kufunga mlango.

Walikuwa wanaume kumi na tano hivi mbele ya dirisha, wengine na mizigo, wakisubiri basi. Mmoja alikuwa akitafuna hindi la kuchoma polepole kama mtu aliye mbele ya mpira. Kwenye kioo, binti wa kaka yangu ameketi juu ya jukwaa, macho chini, asmini mabegani. Kisha picha ikahama ikawapitia wageni, mmoja mmoja, wanawake ninaowajua majina, ninaojua wanavyojifunika hata wanapokwenda kununua chumvi. Nilipita katikati ya wanaume wale. Walinipisha kwa adabu sana. "Shikamoo, mama," walisema. Shikamoo!

"Zima," nikamwambia mwenye duka.

"Bi Mwalimu, karibu! Umeona watu walivyojaa? Tangu asubuhi."

"Zima."

Alizima. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kosa lake, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Angekuwa mwizi ningejua la kumwambia.

"Lakini sauti niliifunga," akasema. "Kwa heshima. Hakuna hata mtu mmoja aliyesikia."

"Uliniambia mashine haina macho."

"Na haina! Mimi nimekosa nini, mama? Watu hapa hawaamini kwamba kanda inaweza kuwa diski. Nikiwawekea filamu ya kizungu wanasema hiyo imetoka nayo kiwandani. Wakiona harusi ya Voi, sura za Voi, wanajua kazi inafanyika hapa hapa. Na bibi harusi ni mzuri, mashallah. Hiyo ni sifa kwenu."

"Diski hii umeitoa wapi?"

"Ile ya kompyuta. Mombasa walitoa ya kwako, wakatoa na ya kwangu. Bi Mwalimu, kanda yako si nimekurudishia? Diski zako si unazo? Kilichopungua ni nini?"

Kilichopungua ni nini. Mungu anisamehe, nilianza kuhesabu. Kwa hesabu yake alikuwa sahihi. Nilikuwa na kila nilichompa, na zaidi. Hapo ndipo nilipoielewa diski, wiki tatu baada ya kuinunua. Zamani mtu akiiba nakala ya kanda, nakala ilitoka hafifu, na nakala ya nakala ikawa theluji tupu isiyotambulika uso. Uchovu ule wa kanda ulikuwa unatulinda na hatukujua. Diski haichoki. Ya mia moja ni sawa na ya kwanza, na aliyeibiwa haoni pengo lolote sandukuni mwake. Nilimwuliza mwenye duka tofauti ya VCD na DVD ni ipi, nikasoma, nikalinganisha, nikajiona mjanja, na tofauti iliyokuwa na maana hakuna aliyenieleza. Najua, sikuuliza. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiuza! Mwenye kuuza dawa husema inanywewa vipi.

Nikachukua diski zake mbili nikaondoka. Kesho yake nikapanda basi la asubuhi kwenda Taveta.

Binti wa kaka yangu alikuwa akichambua mchele. Nilimweleza yote bila kupunguza, kwamba ni mimi niliyetoa kanda, ni mimi niliyempa yule mtu. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Shangazi, mume wangu hajaiona kanda ile. Aliniomba mara mbili, nikamwambia si yangu peke yangu. Amenielewa. Sasa makanga wote wa stendi ya Voi wameiona."

"Nimekosa, mwanangu."

"Ulimwuliza mashine ina macho au haina. Mimi hukuniuliza."

Nimesomesha watoto wa watu miaka mingi na sijawahi kunyooshwa kwa maneno machache namna ile. Nilikuwa nimekuja na hasira yangu juu ya mwenye duka imejaa mpaka juu, nayo haikupungua, lakini ilibidi nisogee niipe nafasi aibu ikae kando yake. Amana haikuwa yangu kuipeleka popote. Hata mahali pazuri. Nikamwomba radhi, naye akanishika mkono, ingawa hakusema amenisamehe, na mimi sikumharakisha.

Alimwambia mumewe yeye mwenyewe, mbele yangu, mchana ule ule. Kijana yule aliuliza, "Nani alitoa ruhusa?" Nikasema, "Mimi." Akavua kofia akaiweka mezani. "Basi nendeni nyinyi," akasema. "Nikienda mimi nitafanya jambo la kujuta."

Asubuhi iliyofuata, Voi, tuliingia dukani kabla mwenye duka hajamaliza kupanga redio zake: mimi, kaka yangu, na binti yake. Msichana alikuwa ndani ya buibui lake, uso wazi.

"Unanijua?" akamwuliza mwenye duka.

"Hapana, mama. Karibu."

"Umenitazama wiki tatu."

Mwenye duka alikuwa ameshika bisibisi. Ilimtoka ikalia sakafuni, wala hakuiokota. Alimtazama, akatazama televisheni, akatazama chini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliyojua kwamba kile alichokiita picha safi kilikuwa na mtu anayeweza kuingia dukani kwake.

"Ziko ngapi?" msichana akauliza.

"Nilimpa Bi Mwalimu..."

"Sikuulizi alizonazo shangazi. Ulizotoa wewe."

Ikajulikana kwamba kila aliyenunua mashine alipewa na diski ya kujaribia, na diski ya kujaribia ilikuwa hiyo. Mashine alizouza zilikuwa tatu tu, ukiacha yangu. Moja kwa mwenye hoteli wa Mwatate. Moja kwa mwalimu wa shule huko Marungu. Ya tatu kwa dereva wa lori.

"Dereva gani?" kaka yangu akauliza.

"Wa njia. Alisimama kununua betri."

"Funga duka," msichana akasema. "Tunakwenda kuzileta."

"Leo? Leo ni siku ya soko! Nani atakaa hapa?"

"Mimi," nikasema. Nikavuta kiti chake nikaketi.

Wakaenda na gari la kaka yangu, mwenye duka ameketi katikati kama mtu aliyekamatwa. Nami nikabaki na duka la redio, mwanamke wa umri wangu, kuanzia asubuhi mpaka karibu na magharibi. Wateja walikuja. Kijana mmoja akasimama mbele ya ile mashine nyeusi.

"Mama, hii inaonyesha poa?"

"Inaonyesha vizuri. Una dada?"

"Ninao wawili."

"Ukiwaletea kanda yao ya harusi ihamishiwe humu, wataonekana dirishani hapo, na watu wa mabasi watawatazama. Bado unaitaka?"

Aliniangalia kama aliyekutana na kichaa, akaondoka bila kununua. Wengine wawili nao wakaondoka hivyo hivyo. Lakini sikuwa nimekaa pale kumkomoa mtu. Alikuja bwana mmoja mpole akitaka kujua achukue ipi, VCD au DVD, nikamweleza kuliko mwenye duka alivyonieleza mimi: kwamba hii haisomi ile, lakini ile inasoma hii, kwamba kanda yake mbovu haitageuka nzuri, kwamba asimwamini anayemwambia hii ndiyo ya mwisho. Akanunua ya DVD. Kisha akaja mwanamke wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, akauliza kama kanda ya mazishi ya baba yake inaweza kuokolewa, inaanza kuota ukungu. Kwa huyo nilisimama.

"Itie kwenye diski, usichelewe," nikamwambia. "Lakini panda basi uende nayo Mombasa mwenyewe. Kaa kando ya mashine. Uliza zitatoka ngapi, na uliza ile inayobaki kwenye kompyuta ni ya nani. Usiondoke mpaka umeona imefutwa. Na kabla ya yote, waulize nduguzo."

"Kwani kuna nini?" akauliza.

"Kuna mengi," nikasema, nikamchemshia chai kwa birika la mwenye duka.

Walirudi jua likiwa limeshuka nyuma ya milima. Msichana alikuwa na diski nne mkononi, zimefungwa kwa leso. Mwenye hoteli wa Mwatate alizitoa mara moja, lakini alikiri kwamba alizicheza ukumbini pa chai kila siku, kwa sababu hakuwa na nyingine. Kule Marungu, mwalimu hakujua ziko wapi. Mkewe ndiye aliyekwenda chumbani akazileta. Alikuwa ameziona siku ya kwanza, akajua hizi si za kutazamwa na kila mtu, akazificha chini ya shuka. Mwanamke huyo hakuwa wa dini yetu, wala hakuna aliyemweka chini akamfundisha kupamba ni nini. Namwombea kheri mpaka leo. Mombasa nako mwenye duka alipiga simu mbele yao, akaambiwa kwamba kwenye kompyuta imefutwa. Wamesema. Sikuwapo.

Mwenye duka aliingia akatazama rafu zake. Nilitegemea aombe radhi. Aliniuliza, "Bi Mwalimu, umenifukuzia wateja wangapi?"

"Watatu. Na nimekuuzia DVD moja. Pesa ziko chini ya kikokotoo."

Radhi aliiomba baadaye, msikitini, kupitia kwa imamu, kwa maneno mazuri na marefu. Biashara yake ilinawiri. Alipanua duka. Mimi wanawake walianza kunijia mmoja mmoja kuomba kanda zao, kwa adabu, kila mmoja na sababu yake: anataka kuitazama na mama yake, anataka kumwonyesha wifi. Niliwapa. Hazikurudi, nami sikuuliza. Sina haki ya kulalamika, ila naona ajabu kwamba mimi niliyekosa kwa kutunza nilipokonywa kazi yangu, na yeye aliyekosa kwa kuuza aliongezewa wateja. Ninalisema hili nikiwa na subira yote niliyojaliwa, na bado nasema si haki.

Binti wa kaka yangu alinisamehe mwaka uliofuata, alipojifungua na kunitaka niende kumwogesha mtoto. Siku hiyo, tukiwa peke yetu, aliniuliza kama nadhani yule dereva wa lori angali na zile diski. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Sijui jina lake, wala lori lake, wala alikuwa akielekea Mombasa au Nairobi au nje ya nchi kabisa.

"Basi mwombe Mungu," akaniambia.

Nimeomba. Siombi laana juu ya mtu ambaye hakujua alichopewa. Ninaomba tu, kila baada ya sala ya alfajiri, kwamba barabara yake iwe na vumbi jingi na mashimo mengi, na diski zile zikwaruzike mpaka mashine izikatae.